Tiketi Moja ya Mnarani

Hapo zamani, tena zamani ya juzi juzi maana simu za kupangusa zilikwishakuwepo, palikuwa na mke na mume huko Tanga, mtaa wa Ngamiani. Mke akiitwa Mwatumu, fundi cherehani. Mume akiitwa Mhina, fundi muashi. Binti yao mmoja, Sikudhani, alikwisha kuolewa. Na watu hawa walikuwa na jambo lililowachekesha majirani: walitaka kwenda kutembea Singapuri. Si kwa biashara, si kwa matibabu. Kutembea tu, waangalie.

Wazo lilikuwa la Mwatumu. Aliona picha ya mnara wa vioo wa huko kwenye kalenda ya duka la vitambaa, akasema kabla hajafa atasimama juu ya kitu kile atazame chini. Mhina akacheka mpaka akakaa. Mwatumu hakununa. Akashona. Akashona sare za shule, akashona magauni ya harusi za watu, miaka mitano, na kila alichodunduliza akakificha ndani ya mto wa kiti. Mwaka wa tatu Mhina akaacha kucheka, naye akaanza kuongeza chake. Msiniulize walikusanya kiasi gani, mimi si benki.

Basi wakafika. Na walivyotembea, jamani, ni kutembea kwa watu wanaolijua jasho lao. Walilala chumba kimoja na wageni wengine wanne, wakanywa maji ya bomba kwa kuwa ya huko ni safi, wakala chapati kavu walizotoka nazo nyumbani. Penye treni walikwenda kwa miguu. Penye kiingilio walitazama kwa nje. Bustani za bure walizimaliza zote, na joto likizidi waliingia maduka makubwa kupata ubaridi, wakajifanya wanachagua viatu. Walifurahi kama watoto waliotoroka chuoni.

Kitu kimoja tu walikilipia: tiketi mbili za mnara. Sikudhani aliwanunulia mtandaoni kwa bei ya punguzo, akazichapisha kwenye karatasi. Na punguzo lina masharti yake. Siku ni hiyo hiyo, mwisho wa kuingia ni saa kumi na mbili jioni, hairudishwi, haibadilishwi, na ya kwenye simu haikubaliki, ni karatasi tu. Waliiweka iwe siku yao ya mwisho. Kesho yake alfajiri walikuwa na ndege ya kurudi.

Alasiri ya siku hiyo wakaamua kujipongeza, angalau wale chakula cha moto. Wakaingia kwenye soko moja la vyakula, vibanda huku na huku, meza katikati, watu hawana pa kutia mguu. Mhina akapanga foleni ya wali na kuku, sahani moja ya wawili. Mwatumu akaenda kutafuta pa kukaa. Meza zote zimejaa, isipokuwa moja. Haina mtu. Juu yake pana kipakiti cha karatasi za kufutia mikono, basi.

Huku kwetu kitu kilichoachwa peke yake mezani ama kimesahauliwa, ama kinamsubiri mwizi. Mwatumu ni mtu wa watu. Alikichukua kile kipakiti, akaanza kumtafuta mwenyewe, meza hadi meza, akikionyesha. Watu wakatikisa vichwa. Wengine wakacheka. Akarudi, akakuta vijana wanne wa ofisini wamekwisha kuketi pale pale.

Alipogeuka amtafute mumewe, akajigonga kwa ajuza mmoja aliyebeba bakuli la supu ya moto. Supu ikamwagika yote, nusu kwenye mguu wa yule bibi, nusu ndani ya mkoba wa Mwatumu uliokuwa wazi.

Mhina aliiona kutoka kwenye foleni. Alikuwa amebakiza mtu mmoja afikiwe. Aliiacha foleni, akamweka yule bibi mgongoni, akakimbia naye hadi kwenye bomba, akaumwagia mguu maji baridi kwa muda mrefu bila kuchoka. Bibi mwenyewe alikuwa Mmalai, jina lake Zaleha. Wakasalimiana kwa salamu ya Kiislamu, mengine wakayamaliza kwa Kiingereza cha kuungaunga na mikono. Ndipo Bibi Zaleha akawaeleza: pale kwao ukiweka kipakiti cha karatasi mezani, umeshika nafasi. Kila mtu anajua, hakuna anayekigusa. Kile kipakiti kilikuwa chake.

Mwatumu aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Amempokonya bikizee kiti kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamchoma. Bibi akamwambia anyamaze, mguu umekuwa mwekundu tu, haukutoka malengelenge.

Hapo Mwatumu akakumbuka tiketi. Kabla hajawafuata bombani alikuwa amezitoa kwenye mkoba zikauke kwenye meza ya wale vijana, katikati ya karatasi za kupangusia supu. Wakarudi mbio. Meza inang'aa. Mfagiaji alikwisha kukusanya kila kitu.

Mwatumu akainama kutafuta chini ya meza. Mhina naye akatafuta chini ya viti. Aliyekwenda ni Bibi Zaleha, akichechemea, akalifuata toroli la taka hadi nyuma ya vibanda, akasemezana na mfagiaji, akapandisha mkono wa gauni, akauzamisha hadi kiwiko. Akatoka na tiketi mbili. Moja nzima. Ya pili imelowa, ile alama inayosomwa na mashine imekuwa uji.

Akasema atawasindikiza mnarani, akawasemee kwa lugha ya wenyewe. Na kweli aliwasemea. Binti wa mlangoni akasikiliza kwa adabu, akampigia simu mkubwa wake, akarudi na jibu: karatasi moja, mtu mmoja. Tiketi za siku hiyo zimekwisha. Zilikuwa zimebaki dakika kumi.

Mwatumu alikuwa ameishika ile karatasi. Alijua kitakachofuata, maana ndivyo mumewe alivyo. Atasema nenda wewe. Miaka ishirini na sita ya ndoa, kipande cha nyama kikibaki kimoja, Mhina husema kula wewe. Akaanza kujiandaa kukataa, ingawa moyoni alitamani abembelezwe mpaka akubali.

Mhina akasema, "Mama Siku, leo sisemi nenda wewe. Nataka kupanda."

Mwatumu akamuuliza kulikoni.

"Nimejenga ghorofa za watu ujana wangu wote," akasema. "Nyumba ikishapakwa rangi tunaambiwa mafundi mshuke. Sijawahi kusimama juu ya jengo lililokwisha. Sikujua kama ninalitaka jambo hili mpaka nilipofika hapa chini."

Mwatumu hakuwahi kulisikia neno nataka kinywani mwa mume huyu. Lilimuuma, na papo hapo likamfurahisha, hata hakujua ashike lipi. Akafikiria magoti yake na ile pedali ya cherehani. Akafikiria alivyochekwa. Ndoto ilikuwa yake, kila mtu Ngamiani anajua ni yake. Lakini hata kosa lilikuwa lake.

Bibi Zaleha hakuwa akiwasikiliza, kwanza lugha yenyewe haijui. Alikuwa akiitazama lifti ikipanda. Akasema taratibu, kwa kile Kiingereza chao, "Mimi nilizaliwa hapo inapoanzia lifti. Kijiji chetu kilikuwa hapa. Tulihamishwa nikiwa msichana."

Mwatumu akamuuliza kama amewahi kupanda. Bibi akacheka, akasema kwanza ilikuwa ghali, baadaye ikawa kazi, baadaye ikawa uzee. Akawahimiza wasichelewe, yeye huona mnara huu kila siku.

Binti wa mlangoni akatazama saa. Dakika tatu. Akauliza kwa upole ni nani anayeingia.

Mwatumu akaamua. Mmoja akapanda. Wawili wakabaki chini kwenye ngazi, wakatazama juu mpaka shingo zikauma, na nilivyosimuliwa hakuna aliyelia. Walicheka sana. Huko juu yule mmoja alipunga mikono yote miwili, akijua fika kwamba haonekani.

Jina lake silitaji, na msinisumbue. Wewe uliyekwisha fungua mdomo, ufunge kwanza ufikiri. Mwenye ndoto na miaka mitano ya kushona, ambaye pia ndiye aliyefanya kosa? Aliyebeba mtu mgongoni, na kuomba mara moja tu maishani mwake? Au yule aliyeipata tiketi kwenye taka kwa mguu ulioungua, na ardhi ile ilikuwa kwao? Karatasi iko mkononi mwako sasa, dakika zinakwisha. Je, nani alistahili kupanda?