Ngiri na Tumbo Lisilo na Meno

Haya, wenye masikio mpo?

Tupo!

Na wenye matumbo?

Tumekula, tumeshiba!

Basi tulieni. Hapo zamani za kale aliondokea Ngiri mmoja, kijana wa nguvu lakini mlafi hana mfano. Alimpenda Sikujua, binti wa jirani, hata usingizi ukamhama.

Mila ya ngiri ilikuwa hivi: mchumba hulishwa kwa mama mkwe asubuhi tatu, na kila akishakula hulima tuta moja mpaka mwisho. Zote tatu akishindwa, binti anaozwa mwingine.

Asubuhi ya kwanza Ngiri akaletewa mihogo. Akataka mama mkwe aone mwanamume anayekula. Akaibugia mizima mizima. Aliposhika tuta, tumbo likanguruma, likaimba:

"Tumbo mimi sina meno,
meno yako huko juu!"

Akajikunyata palepale, asilime hata kidogo.

Asubuhi ya pili, maboga. Ngiri, kichwa kigumu, akadhani jana alikula kidogo. Akayabugia mazima mazima. Tumbo likaimba:

"Tumbo mimi sina meno,
meno yako huko juu!"

Sikujua akalia. Mama yake akasema, "Mkwe gani huyu, anamaliza chakula cha shamba zima halafu analala?"

Asubuhi ya tatu likaja bakuli la kunde. Ngiri akaogopa hata kuligusa. Akapiga magoti.

"Bwana Tumbo, nimekukosea nini? Leo nikishindwa, nimemkosa Sikujua."

Tumbo likajibu, "Unaniletea magogo, nami sina shoka. Wewe tafuna, mate yalainishe. Mimi nitakikoroga chakula kwa maji yangu makali mpaka kiwe uji. Uji nampa Utumbo, naye anaunyonya, anampa Damu. Damu ndiye anayepeleka nguvu miguuni. Magogo yako yamenikalia tu, miguu inakufa njaa."

"Kumbe," akasema Ngiri.

Akabaki magotini, akatafuna. Akatafuna mpaka mama mkwe akasinzia na Sikujua akacheka. Akapumzika kivulini, kisha akashika tuta. Tumbo kimya. Pua chini, udongo juu, akafika mwisho. Akageuka, akalima na la jana na la juzi.

Mama mkwe akaamka, akatazama shamba. "Mchukue mwenzio, mwanangu. Leo chakula changu nimekiona kilikokwenda."

Ikapigwa ngoma, wakacheza mpaka vumbi likawafunika. Na tangu siku hiyo, ngiri akila hupiga magoti.

Funzo ni hili, watoto: nguvu haitoki katika ulichomeza, inatoka katika kile mwili ulichoweza kukitumia. Tafuneni.

Hadithi yangu nimeitafuna, nimeimeza, imekwisha. Anayetaka zaidi akakombe sufuria.