Maji ya Kutuliza Vumbi

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Leo sina hadithi ya kuwafurahisha, ingawa mwanzoni mtacheka, nawajua.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji mdogo wa jua kali, mji wa vumbi, ule mji ambao ukianika shuka nyeupe asubuhi, jioni unaanua nyekundu. Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, na alikuwa mwanachama wa chama kimoja cha kujitolea. Mnavijua vyama hivyo. Watu wazima wenye nafasi zao, wanavaa vizibao vya rangi moja, wanakutana hotelini kila mwezi, wanakunywa chai ya maziwa na kuulizana: jamani, jamii yetu tuisaidieje? Msiwacheke sana. Walikuwa watu wema. Asiyekuwa mwema alikuwa amelala nyumbani kwake.

Mwezi mmoja mama huyo alisimama akasema, "Wenzangu, watoto niliowapokea kwa mikono yangu hii wanaishia machimboni. Wanarudi wakikohoa, na wengine hawarudi. Tuwape ardhi walime." Chama kikamsikiliza. Kikaomba eneo nyuma ya kiwanda cha pamba kilichokufa zamani, kikanunua tangi kubwa la maji, majembe na mbegu za nyanya. Yeye mwenyewe wakamteua awe mlezi wa hao vijana, na tangu siku hiyo mji mzima ukawa unamwita Mama Mlezi.

Kuwapata hao vijana haikuwa kazi ya siku moja. Aliwafuata vijiweni, aliwafuata kwa mama zao, na alitukanwa pia. Kulikuwa na mmoja aliyemkalia moyoni kuliko wote. Huyo, Mama Mlezi ndiye aliyemzalisha mama yake usiku wa mvua, akamkata kitovu, na kijana alipomaliza darasa la saba tu akatumbukia shimoni kutafuta dhahabu. Wakati huo alikuwa ametoka shimoni kwa muda, kifua kikimwasha, rafiki yake akiwa amefukiwa hukohuko chini. Mama Mlezi akamkalia kooni mpaka akalegea.

"Nimekusikia, Mama," kijana akamwambia. "Nitajaribu msimu huu mmoja. Nyanya zikitoka, shimoni sirudi tena. Zisipotoka, nakuomba usinifuate tena."

"Zitatoka, mwanangu," akasema. "Nimewahi kukudanganya mimi?"

Basi wakalima. Bomba halikuwapo pale. Boza lilikuwa likileta maji kutoka mbali, linajaza tangi, na vijana wanayatumia kwa kubana kama dawa ya mtoto. Jioni kila shina lilipata kopo lake, linamiminwa taratibu chini kabisa, tone lisipotee. Yule kijana akinawa uso, alinawa juu ya shina la nyanya. Mama Mlezi alimwona siku moja akifanya hivyo, akageuka upande wa pili ili asionekane akilia. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo tangu astaafu.

Nyanya zikachanua. Nyingine zikaanza kushika vitunda vidogo kama gololi. Ndipo boza likaharibika, wakaambiwa wasubiri hadi kifaa kipatikane. Kijana akapanda juu ya tangi, akachungulia, akashuka akasema, "Yatatufikisha. Tukibana, yatatufikisha."

Sasa sikilizeni. Wakati huohuo chama kikaamua kusherehekea. Vijana wetu wamebadilika, kilimo chetu kimestawi, tufanye sherehe! Na mgeni rasmi wakampata mtu mzito kweli, mzee mmoja mfadhili, kazi yake kuchimbia watu visima. Hapo kila mtu akaruka kwa furaha. Akitupa kisima, si tumemaliza? Hata boza likiozea njiani, hatuna habari nalo.

Wakaandika risala. Kijana aliombwa aseme wanachotaka, naye akasema, "Andikeni kwamba hatuna maji. Haya yakiisha, shamba linakufa." Mwenyekiti wa chama, mtu wa suti, mtu wa adabu, akatikisa kichwa. "Mgeni haambiwi hivyo, kijana. Tutaonekana walalamishi." Akaandika: *Aidha, tuna changamoto ndogo ya maji.*

Mnacheka. Haya, chekeni. Ni nani hapa ambaye hajawahi kuwa na changamoto ndogo?

Siku ya sherehe ikafika, na upepo nao ukafika. Maturubai yanapepea, kitambaa cheupe cha meza kuu kimeshakuwa na rangi ya matofali, wapishi wanafunika sufuria za pilau kwa mikono. Mwenyekiti akaja mbio kwa Mama Mlezi, jasho linamtoka.

"Mama, mgeni ataketi kwenye vumbi hili? Atakanyaga hapa na viatu vyake? Waambie vijana wamwage maji."

"Mwenyekiti, maji yale ni ya nyanya."

"Mama Mlezi! Kisima kinakuja leo. Unalilia tangi, kisima kiko njiani?"

Niambieni, wapendwa, mngejibu nini hapo? Maneno yana akili kabisa. Na Mama Mlezi mwenyewe alikuwa ameshaanza kuona aibu, maana alitazama viti, akavikuta vina vumbi, akawaza mgeni atawaonaje. Akamwendea kijana. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama tangi, akatazama mashina.

"Mama, yaliyobaki ni hayohayo."

"Najua. Niamini."

Angeambiwa na mwenyekiti, angekataa. Kwa kuwa aliambiwa na aliyemkata kitovu, akachukua ndoo. Wenzake wakamfuata. Wakamwagia uwanja wote, toka barabarani mpaka meza kuu, na njia yote ya kwenda shambani. Wakaosha viti. Wapishi wakachota yao ya kuoshea sahani. Kuna maua ya kwenye vyungu yaliyoazimwa hotelini ili kupamba meza kuu, nayo yakanyweshwa. Mwishoni koki ya tangi ikakohoa, ikanyamaza. Uwanja ukapendeza. Vumbi likalala chini, pakanukia udongo mbichi, na mwenyekiti akasema sasa hapa panafanana na watu.

Mgeni rasmi akaja. Ndugu zangu, nisingependa mumchukie mzee huyo, maana hakuwa na kosa lolote. Alikuwa mpole. Alikataa mwavuli. Alimpa kila kijana mkono, akaenda hadi shambani, akainama na magoti yake ya kizee, akashika udongo wa njiani akaufinya mkononi. Kisha akaketi, akaimbiwa, akasomewa risala. Lilipopita neno "changamoto ndogo ya maji," aliandika kitu kwenye kiganja cha mkono wake. Mama Mlezi alimwona, akajua kisima kimeshapatikana.

Mzee akasimama kuzungumza. Akawasifu vijana mpaka wazazi wakapiga vigelegele. Halafu akasema:

"Wanangu, niseme kweli. Nimekuja hapa na kisima kimoja. Mwaka huu sina kingine. Nilidhani ni chenu. Lakini juzi nilipita kijiji kimoja, akina mama wanafukua mchanga mtoni wapate maji ya kunywa, na yakitoka wanayagombea na punda. Leo nimefika hapa, uwanja umelowa, viti vinang'aa, hata maua yamenyweshwa. Nimeshika udongo wenu, nimeuona una maji. Nikamshukuru Mungu. Nyinyi mmejaliwa. Nikiwapa nyinyi kisima hiki, nitakuwa nimewadhulumu wale. Nakipeleka kule."

Kisha akauliza, na aliuliza kwa dhati: "Au nimekosea? Kama nimekosea, semeni sasa, bado hatujachelewa."

Bado hatujachelewa! Mmesikia? Mlango uko wazi, na aliyeufungua ni mwenye kisima mwenyewe. Ingehitajika sentensi moja tu. *Mzee, maji unayoyaona ndiyo yote tuliyokuwa nayo, tumeyamwaga asubuhi hii kwa ajili ya viatu vyako.* Basi. Mwenyekiti alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Katibu anatazama mwenyekiti. Mama Mlezi alisikia maneno yamemfika kooni, akayaona macho ya watu, akakiona na kizibao alichovaa, akawaza watakavyocheka mji mzima kwamba chama kilimdanganya mgeni. Akayameza.

Kijana akasimama.

Alikuwa ameketi nyuma ya Mama Mlezi, mstari wa pili, na fulana yake mpya ya sherehe. Alisimama bila kuitwa, akafungua mdomo. Na Mama Mlezi, ndugu zangu, yule yule aliyemfuata vijiweni, aligeuka akamshika fulana, akamvuta chini.

"Kaa, mwanangu. Usituaibishe."

Kijana akakaa. Mwenyekiti akaanza kupiga makofi, wote wakapiga. Mama Mlezi naye akapiga. Alipiga kwa nguvu kuliko jirani zake.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Vumbi lilirudi kabla sahani za pilau hazijakusanywa. Maua ya nyanya yakakauka, yakapukutika, vile vitunda vikasinyaa na kuwa vyeusi. Kifaa cha boza kilipopatikana hapakuwa na shina la kumwagilia. Mama Mlezi alikuwa akienda pale kila asubuhi na ndoo ya maji ya kwake ya nyumbani, peke yake, anamwagilia vijiti.

Kijana akaja kumuaga. Alikuwa na begi dogo na tochi ya shimoni. Mama Mlezi akaanza kulia, akasema, "Nisamehe kwa yale maji."

"Mama, mimi sina neno na maji," kijana akasema. "Maji hata yangemwagika kwa bahati mbaya. Mvua ingeweza kukosekana pia, ningesema ndiyo kulima. Ila nilisimama, ukanikalisha."

Akamwinamia kumuaga, kama mtoto kwa mama yake, akaondoka. Mwaka huo shimo lao lilititia. Walitolewa watu kadhaa. Yeye hajatolewa mpaka leo.

Mnataka niwaambie Mama Mlezi alipata faraja gani. Sina. Nimeitafuta mwishoni mwa mfano huu, sikuiona, na sitawatungia.

Sasa tuje kwetu. Maana sisi ndio tuliomo ndani ya mfano huo, wala si chama cha watu.

Kila Jumapili tunamwagia uwanja. Ndoa imevunjika, tunakuja tumevaa sare. Nyumba haina chakula, tunaulizwa habari za nyumbani, tunasema nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Tukifika kwenye maombi, tunampa Mungu risala: Baba, tuna changamoto ndogo. Mtaniambia, mchungaji, Mungu hadanganyiki, anaujua udongo mpaka chini. Ni kweli, anaujua. Yeye hatukumdanganya hata siku moja. Lakini jirani yako, ambaye Mungu alimtuma kwako na kisima, yeye ni mtu, anaona unyevu wa juu, anafika na baraka zake mpaka mlangoni kwako, kisha anapita kwenda kwingine. Unalia kwamba Mungu hajibu. Alijibu. Tulikuwa tumelowesha uwanja.

Na hayo maji ya kujionyesha tunayachota wapi? Si kwenye matangi yetu sisi wazee. Tunachota ya watoto. Muda wao, imani yao kwetu, nguvu zao. Tunawavalisha fulana, tunawaimbisha mbele ya wageni, tunasema vijana ndio kanisa la kesho. Na siku kijana anapotaka kusimama aseme nyumbani tunapigwa, aseme nimeanza kunywa, aseme mimba hii ni ya mtu aliyemo humu humu, ni mkono wa nani unaomvuta fulana? Wa adui? Adui hajui jina lake. Ni wa yule anayempenda. Ni wa mama yake, wa mlezi wake, wa mwalimu wake wa kwaya. Kaa, mwanangu, usituaibishe.

Tazameni mabenchi ya nyuma. Mnajua yalikuwa ya nani. Msiseme dunia imewachukua. Walisimama kwanza hapa.

Wapendwa, sitawaombea leo kama kawaida, na kwaya naomba ikae kimya. Nataka tunyamaze kidogo. Kama kuna kijana humu ana neno la kusema, asimame, kipaza sauti hiki hapa. Na wewe uliyeketi karibu naye, hasa wewe unayempenda, ukalie mkono wako.

Nangoja.

Bado nangoja. Naona mmoja alitaka kuinuka pale, kisha akamtazama mama yake.