Vidonge vya Kijani vya Kabula

"Kilichomezwa hakiulizwi jina," Bibi Nyanjige aliwaambia wajukuu zake alipowasikia wakisifiana dawa za kunenepesha mashavu. Wasichana wakaacha kucheka. Mmoja akataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Bibi akasogeza ungo wa mchele kando, akawaeleza. Msemo huu ulianza hivi.

Pale Nzega aliishi fundi cherehani aliyeitwa Kabula, mke wa Lushinge. Baada ya kumzaa mtoto wa tatu mwili wake ulijaa, presha nayo ikampanda, akawa anakunywa dawa zake kila asubuhi. Unene wenyewe haukumsumbua, mpaka siku ya arusi moja, shangazi yake alipomwambia mbele za watu, "Kabula, wewe siku hizi wa kuletewa benchi. Kiti hakikutoshi." Watu wakaangua kicheko. Kabula naye alicheka, tena kwa sauti, lakini tangu siku hiyo akawa anakula peke yake jikoni, amewapa mgongo watu wa nyumbani. Gauni alilokuwa akijishonea akaliacha nusu.

Basi akaenda duka la dawa baridi, akanunua chupa ya vidonge vya kijani vya kupunguza mwili. Muuzaji hakumuuliza kitu, wala yeye hakuuliza. Aliona haya hata kulitamka neno lenyewe. Alipofika nyumbani akabandua karatasi ya chupa, akaitia motoni, ili mumewe asije akaisoma.

Mwanzoni alifurahi, maana njaa ilimkimbia. Kisha usingizi nao ukamkimbia. Mikono ikaanza kumtetemeka, sindano ikawa inamchoma vidole. Asubuhi moja, akiwa anapima mkono wa shati la mteja, moyo ulimwenda mbio kama unaotaka kutoka, macho yakaingia giza, akaanguka juu ya vitambaa.

Mama mkwe wake, Bi Nkwimba, ndiye aliyemfikisha hospitali. Daktari akapima presha, akakunja uso.

"Mama, umemeza nini?"

"Vidonge vya kupunguza mwili."

"Vinaitwaje?"

Kabula akafumba macho. "Ni vya kijani."

"Vya kijani viko vingi, mama. Naomba jina."

Lushinge, aliyekuwa amewafuata hospitali, alikimbia nyumbani kuleta chupa. Ilikuja haina hata herufi moja. Akakimbia tena hadi dukani, muuzaji akamwambia mzigo ule umekwisha na jina lake halikumbuki. Ikabidi daktari autibu moyo bila kujua kilichouchokoza.

Mchana kutwa Bi Nkwimba alikaa ukingoni mwa kitanda, akimkanda nyayo.

"Mama," Kabula alinong'ona, "niulize tena. Labda nitalikumbuka."

"Tulia, mkamwana wangu. Kilichomezwa hakiulizwi jina."

Hakusema kwa kukaripia. Alisema taratibu, machozi yakimdondoka, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Kisha akasema, "Wanao wote watatu nimewapokea kwa mikono hii. Mwili uliowabeba ndio unaouonea aibu hata kwangu?"

Kabula akaushika mkono ule, akaulaza shavuni pake, akalia mpaka usingizi ukamchukua. Ilipofika jioni moyo ulikuwa umerudi katika mwendo wake.

Alipopata nafuu, bado alitamani kupungua, na safari hii alisema. Bi Nkwimba hakumcheka.

"Kutaka kupungua si kosa, mwanangu. Ila tutauliza kwanza, mimi na wewe."

Wakaongozana hadi famasi kubwa ya mjini. Watu walikuwa wamepanga foleni. Kabula akashika pakiti moja ya vidonge vya kupunguza mwili, akamgeukia mfamasia, akauliza kwa sauti ya kusikika, "Humu ndani mna nini? Dawa hii imesajiliwa? Mwenye presha kama mimi anaruhusiwa?"

Mfamasia akavaa miwani, akafungua pakiti, akaisoma karatasi ya ndani hadi mwisho.

"Imesajiliwa," alisema, "ila haikufai. Inauchochea moyo, na wewe presha inakusumbua. Nenda kliniki wakupangie chakula na mazoezi. Wakiona unahitaji dawa, watakuandikia wenyewe."

Kabula akairudisha pakiti juu ya kaunta. Nyuma yao alisimama dada mmoja aliyeshika chupa yake tayari. Akaigeuza huku na huku, akitafuta maandishi.

"Samahani dada," akasema, "mbona unauliza yote hayo? Si dawa tu?"

Bi Nkwimba akamtazama mkamwana wake, akamwachia ajibu. Kabula hakuona haya tena.

"Uliza sasa, mwenzangu, ingali mkononi," akasema. "Kilichomezwa hakiulizwi jina."