Mwalimu Aliyesema "Sifuti"

Wapendwa, Biblia mlizofungua ziacheni wazi magotini, tutazirudia. Kwanza nipeni dakika chache niwape habari za mwalimu mmoja.

Mwalimu huyu alifundisha sayansi kimu miaka thelathini na kitu, akastaafu akiwa na nguvu zake zote na mdomo wake wote. Wenzake walistaafu wakafuga kuku. Yeye alifungua blogu. Kazi ya blogu hiyo ilikuwa moja: vyakula vinavyouzwa mtandaoni anavinunua, anavipika, kisha anawaambia kina mama kama vinafaa au havifai. Na alikuwa na utaratibu wake. Hakuhukumu kitu kwa pakiti moja. Alinunua tatu, kila moja na wiki yake, asije akamwonea mtu kwa pakiti iliyoharibikia njiani. Kina mama walimwamini kuliko walivyowaamini waume zao. Angekuwa mtu wa kweli, nusu yenu mngekuwa mnamsoma sasa hivi badala ya kunisikiliza mimi.

Basi ikatokea kampuni changa, ya vijana, inauza unga wa lishe wa watoto. Duka hawana. Wewe unabonyeza simu, unga unaletwa mpaka mlangoni kwa pikipiki, pakiti inang'aa, ina picha ya mtoto mwenye mashavu. Mwalimu akaagiza. Pakiti ya kwanza akapika uji, akaonja, akakunja uso. Ya pili, vilevile. Ya tatu hakungoja hata ichemke. Karanga zilizotiwa humo zilikuwa zimeota ukungu kabla ya kusagwa. Nyinyi mliolima karanga mnajua ninachosema: ile ni sumu, na ubaya wake haiui leo wala kesho. Inamla mtoto taratibu, hakui, na mama anabaki kusema, "Mwili wake ndivyo ulivyo."

Mwalimu akaandika. Hakutukana mtu. Alisema pakiti tatu, wiki tatu, ukungu ni uleule, na akawasihi kina mama wasubiri kwanza. Jioni ile simu ikaita. Alikuwa kijana mwenye kampuni, sauti laini kama mkwe mpya.

"Shikamoo, mama. Andiko lako tumeliona, na tunakuheshimu sana. Tunaomba ulifute. Halafu, mama, tunataka uwe balozi wetu. Picha yako tutaiweka kwenye pakiti."

"Marahaba, mwanangu. Karanga mmeshabadilisha?"

"Suala hilo tunalifanyia kazi, mama."

"Basi mkishamaliza kulifanyia kazi niiteni nije nipike. Kwa sasa sifuti."

Akaandika tena, mara ya pili, akaeleza mpaka hayo ya kuwekwa kwenye pakiti. Kijana naye akavua ulaini. Ikaja barua ya wakili, ina mhuri: ndani ya siku saba futa kila ulichoandika, omba radhi hadharani, la sivyo tukutane mahakamani kwa kuchafua jina la kampuni.

Msidhani mwalimu hakuogopa. Mhuri wa wakili unamtetemesha hata asiye na kosa. Binti yake aliyekuwa akiishi naye akamwambia, "Mama, futa tu yaishe. Wale wana mawakili, wewe una nini? Na watoto wenyewe si wako."

Mwalimu akamtazama mwanawe. "Ndiyo maana wanawauzia sumu. Kila mtu anasema si wake." Akaketi, akaandika mara ya tatu, akaipiga picha ile barua ya wakili na kuiweka palepale watu waione, na chini yake neno moja tu. Sifuti.

Sasa niwaulize, na mnijibu kwa moyo si kwa mdomo: mwanamke huyu mnampenda, au hamumpendi? Naona vichwa vinaitikia. Hata mimi nampenda. Tungetaka wa namna hii kila mtaa. Msema kweli mpenzi wa Mungu, si ndivyo tunavyosema? Haya, shikeni huo upendo wenu vizuri, msije mkauangusha.

Siku ya sita yule kijana akaja mwenyewe, bila wakili. Mwalimu akamkaribisha kitini kama anavyokaribishwa mgeni yeyote, akaingia jikoni, akachukua unga wa kijana uleule, akakoroga uji, akamimina kikombeni, akamwekea mezani.

"Kunywa, mwanangu. Ukimaliza kikombe hicho, nafuta yote mbele yako."

Kijana akakishika kikombe. Akakiinua mpaka mdomoni, harufu ikampokea, akakirudisha. Jasho likamtoka puani.

"Una mtoto?" mwalimu akauliza.

"Ninaye mmoja, mama. Ana miezi minane."

"Anakunywa uji huu?"

Kijana akainamisha kichwa. Binti wa mwalimu, aliyekuwa mlangoni, akaona haya kwa niaba yake.

"Hapana," akasema mwisho. "Mama yake ameukataa. Anamsagia wa kwake nyumbani." Akakisukuma kikombe pembeni. "Mama, umenishinda. Leo hii natangaza pakiti zote zirudishwe, na ile barua ya wakili naiondoa. Nilijua karanga zina shida. Nilijiambia ni mzigo mmoja tu, ukiisha umeisha. Nisamehe."

Hapo mngepiga makofi, na mimi ningesema Amina tukaenda nyumbani. Lakini kijana hakuinuka. Alikuwa na jambo jingine, na lilionekana linamkaba.

"Mama, niruhusu nami niulize. Mke wangu aliukataa unga wangu. Lakini na uji wako pia aliukataa."

"Uji wangu upi?"

"Ule uliowafundisha kina mama kwenye blogu. Uji wa mtoto wa miezi sita, ukasema watie kijiko cha asali. Mke wangu ni muuguzi, mama. Alikuandikia pale chini kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali, inaweza kumdhuru vibaya. Ukayafuta maneno yake. Akaandika tena kwa upole, na shikamoo akaiweka. Ukamjibu kwamba wivu utamuua, ukayafuta na hayo, kisha ukamfungia asiweze kuandika tena. Mapishi yale bado yapo mpaka leo. Nimeyaona asubuhi hii nikiwa njiani kuja kwako."

Ndugu zangu, yule mwanamke ambaye barua ya wakili haikumfumba mdomo, siku ile alifumbwa. Kwa sababu alikumbuka. Alimkumbuka vizuri huyo muuguzi, na alikumbuka jinsi alivyojisikia vizuri kumfuta, kama mtu aliyefukuza nzi. Hakuuliza kama jambo lenyewe ni kweli. Aliuliza tu, huyu ni nani wa kunifundisha mimi? Na tangu siku ile wangapi walitia asali? Hakujua. Hilo ndilo lililomkata maini: hakujua, na hakuwa na namna ya kujua.

Alichukua simu. Mapishi yale hakuyaondoa kimyakimya. Aliyaacha yaonekane, na juu yake akaandika kwamba ni makosa, ni yake, alionywa mara mbili na akamfuta aliyemwonya. Akamfungulia yule muuguzi. Kisha akamwambia kijana, "Mwanangu, niitie mkeo kwenye simu. Wewe umeniomba radhi mimi. Na mimi nina wa kumwomba."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Sisi hapa tunapenda sana ukweli ukiwa safarini kwenda kwa mwingine. Tunaupangia njia, tunaubebea mizigo. Ukigeuka kuja kwetu tunafunga mlango na kuuliza umetumwa na nani. Baba, mkeo alipokwambia kwamba watoto wanakukimbia ukiingia ndani, ulimjibu nini? Mama, shoga yako alipokugusa kuhusu ulimi wako, si hamsalimiani mpaka leo? Na nyinyi kwaya, yule mzee aliyesema mnaimba kwa kujionyesha, mlimpa nafasi au mlimpa jina la utani?

Msitazamane. Ngojeni nianze na mimi, maana sitaki mtoke hapa mkisema mchungaji alituchapa akajiacha.

Pale mlangoni kuna sanduku la maoni. Mnalipita kila Jumapili. Ufunguo wake ninao mimi, na tangu limewekwa nimelifungua mara moja tu. Ndani nilikuta karatasi moja, haina jina, mwandiko wa mtu mzima. Imeandikwa: "Mchungaji, tulifiwa na mtoto. Ulisema utakuja. Tulikungoja siku tatu."

Mnajua nilifanya nini? Niliitazama ile karatasi nikasema, huyu ni adui, mbona hakuweka jina? Nikaichana. Nikalifunga lile sanduku. Na Jumapili iliyofuata nilisimama papa hapa nikawahubiria juu ya kupenda ukweli, mkasema Amina.

Aliyeandika kama yumo humu ndani, sitaki asimame. Anisikie tu. Ulisema kweli. Nilisahau, na niliona haya, na haya nikaigeuza hasira. Mimi ndiye ninayepaswa kusimama, na leo nikitoka hapa nitakuja kwako, hata nikigonga kila mlango wa usharika huu mpaka niupate ule wenye msiba nilioukimbia.

Mama mwenyekiti wa wanawake, njoo mbele. Shika ufunguo huu. Usinirudishie hata nikikuomba.