Shahidi wa Leboo

Hapo zamani, Wazungu walipokwisha kusimika bendera yao bondeni lakini baridi ya mlimani bado ikiwashinda, palikuwa na watu waishio katika msitu wa juu, kazi yao asali. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake, kutoka kijito hadi kijito, na mizinga yake juu ya miti. Ua haukuwapo, wala jiwe la mpaka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusahau mti wa babu yake.

Akaja Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, akatafuta shamba asilione, akatafuta nyumba ya mawe asiione. Basi akasema, "Msitu huu hauna mwenyewe, kwa hiyo ni wa Serikali." Ikapigwa mbiu kwamba mti ni wa Serikali, mnyama ni wa Serikali, hata nyuki ni wa Serikali, na mtu wa msituni atakayegusa kimojawapo bila idhini atafungwa. Tena wenyeji washuke uwandani wakalime mahindi, maana mashine ya kupasulia mbao ilikuwa njiani. Na uwanda wenyewe ulikuwa vumbi tupu, hata nzi walikuwa wakiupita kwa haraka.

Miongoni mwa watu hao alikuwamo Leboo, fukara wa mafukara, naye walimhesabu mpumbavu kwa kuwa alizungumza na ndege na kucheka peke yake. Mkewe, Tabutany, alikuwa amemzika mwanawe wa kwanza, Chebet, chini ya mti wa mzinga. Akamwambia mumewe, "Baba Chebet, mimi sishuki nikamwachia mtoto wangu mwenye mashine." Siku ile Leboo hakucheka. Alichukua mkoba wake wa ngozi akashuka bomani.

Akamkuta Bwana Shauri barazani, na Akida Mwinyikombo, karani na mkalimani wake, amesimama nyuma ya kiti.

"Bwana wangu," akasema Leboo, "msitu ule una wenyewe."

Bwana Shauri akatabasamu. "Vema. Niletee shahidi. Asiwe wa kabila lako, asiwe ameoa kwenu, na awe alikuwapo kabla ya Serikali kuja. Ukimkosa, mtahama kabla mwezi haujaandama."

Akida akacheka mpaka kofia ikamwanguka, kwani alijua kwamba huko juu hakukai mtu mwingine. Leboo akafikiri kidogo, akasema, "Shahidi ninaye, Bwana, ila yeye hashuki bondeni. Itabidi baraza lipande."

Basi Bwana Shauri, aliyekuwa amechoshwa na kesi za mbuzi, akakubali kupanda kwa mzaha. Wakaenda na askari, na kiti cha Bwana na ndoo ya maji vikabebwa. Walipofika penye uwazi, Leboo akasema, "Bwana atangulie kumwita. Mwenye nyumba akiita, huitikiwa."

Bwana akapuliza filimbi yake ya fedha. Kimya. Akida akaita kwa jina la Serikali. Kimya, isipokuwa tumbili mmoja aliyemwangushia ganda la tunda begani. Ndipo Leboo alipopiga mluzi wa babu zake, na hata hajamaliza, akaja mlembe, yule ndege mdogo aongozaye watu kwenye asali, akitua na kuruka, akipiga kelele za kuwahimiza. Wakamfuata mpaka kwenye mti wenye pango, nao ulijaa asali, askari wakaipakua.

"Huyu ndiye shahidi," akasema Leboo. "Si kabila langu, hakuoa kwetu, na alikuwapo kabla ya bendera. Bwana ameona mwenyewe ni nani anayemjua."

"Huyu ni ndege mlafi tu," akajibu Bwana Shauri, na asali ikimchuruzika kidevuni.

"Basi aachiwe sega lake, Bwana. Kwetu aliyekuonyesha asali hadhulumiwi. Akidhulumiwa, safari ya pili hukupeleka kwingine."

"Serikali haigawani chakula na ndege," akasema Bwana Shauri, akaamuru masega yote yatiwe ndooni.

Muda si muda mlembe akaanza tena kelele zake. Bwana, ambaye utamu ulikuwa umemkolea, akainuka haraka na Akida nyuma yake. Leboo akaketi.

"Wewe huji?"

"Mimi si mwenye msitu, Bwana."

Mlembe akawaongoza moja kwa moja hadi kwenye dimbwi, na dimbwini alikuwamo nyati dume, amelala, hana habari ya sheria. Askari wakatawanyika. Bwana na Akida wakakwea mti wa karibu, na ndani ya mti huo walikaa nyuki. Ikawa chini pembe, juu miiba.

Leboo akafika polepole, akasimama kando upande wa upepo.

"Mfukuze nyati huyu," akaita Bwana Shauri.

"Ningependa, Bwana, lakini ni mnyama wa Serikali. Nikimgusa bila idhini nitafungwa."

"Si wa Serikali. Ni wenu."

"Na nyuki je? Nisije nikawatia moshi nikavunja sheria."

"Ni wenu pia."

"Na mti huo?"

"Wenu."

"Na mti wa pili yake, na ule wa pili ya huo, mpaka kijitoni?"

Bwana akalikumbatia tawi. Nyati akaupiga mti kwa kichwa, na nyuki mmoja akaingia kolani. "Msitu wote ni wenu," akasema.

Leboo akawasha majani mabichi, moshi ukawatuliza nyuki na kumkimbiza nyati. Waheshimiwa wakashuka, nyuso zimevimba. Bwana Shauri akakohoa, akaanza, "Maneno ya mtini..." akamtazama Akida. Naye Akida, aliyeona Leboo anatengeneza midomo kupiga mluzi, akasema upesi, "Nimeyasikia yote, Bwana. Tena kwa Kiswahili fasaha."

Ndipo Bwana Shauri akacheka, kicheko cha mtu asiye na pa kujificha. Mashine ikarudishwa ilikotoka, na Tabutany akaendelea kufagia chini ya mti wake. Misitu mingine mingi haikupata bahati hiyo, na hilo linauma mpaka leo.

Hekaya imefika ukingoni hapo. Ila wasimuliao huongeza kwamba Bwana Shauri, kabla ya kuteremka, aliirudia ndoo, akakata sega kubwa kuliko yote, akaliweka juu ya jani kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaondoka bila kugeuka nyuma.