Aliyeukausha Mchungwa wa Namsifu

Hapo zamani, enzi ambazo mwewe alisingiziwa hata ukame, huko Upareni aliishi mama mmoja mwenye shuku, Nakijwa. Mumewe Mbonea akichelewa shambani, anashuku. Jirani akija kuomba moto, anashuku. Ila mwewe ndiye aliyemkosesha raha kabisa.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mchungwa. Chini yake kilizikwa kitovu cha binti yao wa pekee, Namsifu, aliyeolewa mbali. Kwa desturi yao, mtoto wake wa kwanza angeogeshwa kivulini pa mti huo huo.

Siku moja mwewe akashuka, vu! Kabeba kifaranga. Kesho yake, vu! Wa pili.

"Baba Namsifu, fungia kuku wote!"

"Mama Namsifu, nani atadonoa sisimizi mchungwani?"

"Sisimizi wamekula nini chako? Fungia!"

Mbonea akafungia.

Misimu miwili Nakijwa akashinda shingo juu, analinda anga. Kumbe matawini vidugamba, wadudu wadogo wasiotembea, wamejibandika kama ukurutu, wanafyonza utomvu. Sisimizi nao wanalamba utamu unaowatoka vidugamba, na kwa ajili ya huo utamu wanawalinda wasiliwe na wadudu wengine. Majani yakaingia weusi. "Mwewe kauroga!" akasema Nakijwa. Mti ukakauka.

Akatega, akamnasa mwewe.

"Muuaji we!"

"Mimi? Nilikula vifaranga wawili, mchana kweupe, ukaniona. Mti nauulia nini? Hebu tazama matawi."

Nakijwa akamkwangua kidugamba mmoja kwa ukucha. "Kumbe ni wewe, mwizi wa kimya!"

"Sina mguu, sina bawa," akasema kidugamba. "Nilipobandika mdomo ndipo nilipokula. Kuku wangekuwepo, sisimizi wangenilinda saa ngapi? Wewe mwenye macho ulikuwa unatazama wapi?"

Nakijwa akamgeukia mumewe. "Baba Namsifu, ulijua!"

"Nilikwambia."

"Mara moja tu!"

"Ya pili ungenisikiliza?"

Kabla hajajibu, vigelegele vikasikika njiani. Namsifu huyo, kichanga kifuani, beseni la maji mkononi, kapitiliza hadi nyuma ya nyumba. Akasimama. Beseni likamponyoka.

"Mama, nani kaniulia mti wangu?"

Mwewe kimya. Kidugamba kimya. Mbonea anatazama chini, Nakijwa anamtazama Mbonea.

Haya, ninyi mlionisikiliza tangu mwanzo, mtoto analia na hajaogeshwa. Je, kati ya hao wanne, nani alistahili kusema, "Ni mimi"?