Kifungo cha Shingoni

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani, nchi ya theluji, aliishi mjane mchamungu aliyeitwa Bi Lubaba. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vifungo vya majoho. Alichukua kokwa ya tende, akaizungushia uzi wa hariri tabaka juu ya tabaka, na kwa kila mzunguko akamtaja Mola wake. Akimaliza, aliukata uzi kwa meno. Miaka thelathini hakuwahi kununua mkasi.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Dhakwan. Liwali wa mji ule, Shabib, alimtaka kijana huyo atoe ushahidi wa uongo ili jirani yake anyang'anywe shamba. Dhakwan akakataa, akageuziwa yeye mashtaka ya uasi. Siku ya hukumu Bi Lubaba alisimama barazani akaona kwa macho yake: Liwali alikitia mdomoni kifungo cha shingoni mwa joho lake, akawa anakitafuna huku akisikiliza, kama ilivyokuwa desturi yake kila alipohukumu. Kisha akakitema, akasema, "Auawe." Akauawa kabla ya adhuhuri.

Mama yule alilia mpaka sauti ikamkauka. Majirani walipomfariji alisema, "Kesi yangu nimemkabidhi Mwenyezi Mungu." Watu wakamsifu kwa subira. Lakini tusimfanye malaika, ndugu zangu. Mdomo ulisubiri, moyo ulikuwa unawaka.

Haukupita mwaka, Liwali akamwita. Joho jipya la sufu nyeusi lilikuwa limeshonwa, limebaki vifungo tu. Bi Lubaba akampangia mbele yake vya fedha, vya pembe na vya hariri. Liwali akavigeuzageuza.

"Hivi vya hariri," akasema. "Rangi ya komamanga, kumi na viwili. Na cha shingoni kiwe kikubwa kuliko vyote, ukitie nyuzi za dhahabu. Mtu akikiona ajue kimetoka kwangu."

"Nimesikia, bwana wangu."

Hakuuliza joho ni la nani. Alikuwa akiutazama mdomo wa yule mtu.

Vifungo kumi na kimoja alivizungushia uzi kwa dhikri, kama kawaida. Kwa kile cha kumi na mbili, ulimi ulikataa. Uzi wake, wa kuzungushia na wa kushonea, aliuloweka katika sumu kali, akafanya kazi huku amejifunga vitambaa vidoleni. Alipokishonea kifungo kile shingoni mwa joho, aliazima mkasi kwa jirani. Alhamisi akalipeleka joho kwa Liwali.

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, alibaki kwenye mswala akitaka kuleta tasbihi. Akavitazama vidole vyake, akashindwa. "Ole wako, Lubaba," akajiambia. "Ulimkabidhi Mola kesi yako, kisha ukamnyang'anya. Dhakwan alikufa kwa kuukataa uongo, nawe umewadanganya watu wote kwa subira yako." Alijua kwamba akikiri atauawa. Alijua pia kwamba yule ambaye yeye anakwenda kumwokoa ndiye aliyemuua mwanawe. Ilimuuma, jamani, ilimuuma kama siku ile ya kwanza. Akavaa viatu, akaenda.

Mbele ya Liwali hakuzunguka. "Kifungo cha shingoni kina sumu. Nilikukusudia wewe. Usikitie mdomoni."

Rangi ikamtoka Liwali. "Joho lile si langu," akasema. "Nilimpelekea Sheikh Usaid jana jioni, anitaje kwa heri mimbarini."

Bi Lubaba akapiga yowe. Mji mzima ulimjua Sheikh Usaid, mzee maskini aliyekuwa akilea mjukuu yatima wa miezi minane, na mtoto huyo alikuwa anaota meno. Akatoka mbio kwenye theluji, kiatu kimoja kikabaki njiani, askari wakimfuata nyuma.

Alimkuta Sheikh karibu na jiko la makaa, ndiyo kwanza amemfunika mtoto kwa joho lile kwa sababu ya baridi. Mtoto amekishika kifungo kwa mikono miwili, anakivuta mdomoni.

"Mzuie, Sheikh! Kina sumu!"

Sheikh akaidaka mikono ya mtoto. Mtoto akapiga kelele, aking'ang'ania joho lake. Bi Lubaba akakibandua kifungo kutoka vidoleni mwake, na kwa haraka ya kukiondoa kabisa akafanya alichokifanya kwa miaka thelathini: aliinama, akaukata uzi kwa meno.

Akautema. Akakitazama kifungo kiganjani mwake.

"Alikuwa amekitia mdomoni?" akauliza.

"La. Hakikumfikia."

"Alhamdulillahi." Akaketi sakafuni polepole. "Basi ni mimi."

Wakamsukutua kinywa, wakamnywesha maziwa, haikusaidia kitu. Kabla ya alasiri alimshika Sheikh mkono. "Sheikh, mimi ni muuaji?"

"Hukumuua mtu, mwanangu."

"Nilinuia."

"Ulinuia. Kisha ukarudi mbio, mguu mmoja hauna kiatu."

Akalia, akatamka shahada, akafariki. Askari waliokuja kumkamata ndio waliolibeba jeneza lake.

Baada ya mazishi Sheikh alimrudishia Liwali joho. "Limepungua kifungo kimoja," alimwambia, "kile kilichokusudiwa kwa ajili ya mdomo wako. Mama yake Dhakwan amekitwaa yeye. Wewe sitaweza kukutaja kwa heri mimbarini. Yeye nitamtaja."

Inasemwa kwamba katika baraza lililofuata Liwali alikipeleka mdomoni kifungo cha joho lake, kama desturi yake, na mkono ukamsimama njiani. Mshtakiwa akangoja, watu wakangoja, na hukumu ya kifo haikutoka siku ile. Kama alitubu, hatukupokea habari hizo.

Nasi tunaosema "nimemwachia Mungu" huku tumeloweka uzi ndani, tumkumbuke mama huyu. Alichelewa, lakini alirudi, na kilichobaki kati ya kuchelewa kwake na msiba mwingine kilikuwa shubiri moja tu, kutoka mkono wa mtoto hadi mdomo wake. Mwenyezi Mungu amsamehe, na amkutanishe na mwanawe.